Miezi Mitatu, Hata Mbuzi Hajazaa

Mumbua, mwaitu, binti yangu mpenzi,

Mambo ya blanketi, sabuni, kufuli la sanduku na watu wa kuepuka pale stendi ya Mwingi, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado anaendelea. Sitayarudia. Mimi naandika jambo ambalo yeye halijui, au analijua na amekaa kimya, na baada ya miaka yote hii sina hakika ni lipi kati ya hayo mawili.

Nimeketi kwenye kibanda cha pampu. Jua bado lipo kwenye paneli na maji yanapanda tangini, nayasikia. Wewe uko kanisani, akina mama wanakuombea safari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba nimekisema maisha yangu yote bila kukiandika. Na pia, niseme ukweli, kwa Kikamba maneno haya yangekuwa karibu nami mno. Kwa Kiswahili naweza kuyapanga kama mtu anayemwandikia chifu ripoti.

Kesho unakwenda Kitui kusoma kozi ya miezi mitatu ya kufunga na kutengeneza pampu za sola. Nilidhani leo ningekuwa na huzuni, au furaha, au hata hasira kidogo iliyobaki. Nimetafuta na sijapata hata moja. Ndani yangu ni kama mguu uliokufa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu. Wewe umenizoea hivi. Uliwahi kumwambia mama yako kwamba baba hakasiriki, ukadhani ni upole. Si upole, mwaitu. Acha nikwambie ganzi hii ilianzia wapi.

Mjomba wako alipokuja juzi alikuuliza kozi ni ya muda gani. Ukamwambia. Akacheka mpaka akamwaga chai, akasema, "Miezi mitatu? Hata mbuzi hajazaa." Wewe ukainama, ukaendelea kuosha vyombo. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale kwenye kigoda changu na sikusema neno.

Umeyasikia maneno hayo tangu utotoni. Hapa kwetu fundi wa pikipiki akikosea anaambiwa hivyo, mshonaji akiharibu kola anaambiwa hivyo, na yule msichana wa saluni aliyekuja na cheti chake kutoka Mwingi aliambiwa hivyo mpaka akafunga duka. Watu wanafikiri ni maneno ya wazee wa zamani. Hayana hata miaka kumi na mbili. Niliyatunga mimi, nikiwa nimesimama hapa nje, mbele ya kijiji kizima, na niliyatunga ili nisijulikane nilichofanya.

Ulikuwa na miaka minane. Kisima hiki kilikuwa na injini ya dizeli, na mimi ndiye niliyekuwa naiwasha, kwa sababu nilifanya kazi kwenye kinu cha posho Mwingi nikiwa kijana na nilijua injini kwa masikio. Karatasi sikuwa nayo. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Kisha tukaletewa paneli, injini ikaondolewa, na tukaambiwa atakuja fundi wa kufunga pampu mpya na kunifundisha. Tulimngoja mzee mwenye kitambi na pikapu. Akaja msichana kwa boda boda, kisanduku cha vyuma amekipakata mapajani.

Anaitwa Ndanu. Ni mtu wa milima ya Mbooni, ambako wana baridi na maembe na chemchemi karibu na mlango, na alitucheka kwa jua letu. Alikuwa na cheti cha miezi mitatu na hakukificha. Mtu akimuuliza, alikitaja tu kama mtu anayetaja jina la baba yake. Alifanya kazi siku nne, akala kwetu siku zote nne. Wewe ulikuwa unamfuata nyuma nyuma ukimbebea kipimo chake cha umeme, na jioni ya mwisho alikuruhusu ugusishe zile nyaya mbili, namba ikatokea kwenye kioo, ukapiga kelele. Mama yako anasema hukumbuki. Huenda. Lakini uliponiambia mwaka huu unataka kusoma pampu, mimi nilikumbuka.

Ndanu alinionyesha kila kitu. Alinionyesha hasa kifaa kidogo kinachoning'inizwa kisimani ili kihisi maji. Maji yakishuka chini yake, kinazima pampu, na pampu inangoja mpaka maji yarudi.

"Mzee, hii kitu ikizima, wachana nayo," aliniambia. "Usiitukane. Maji imeenda chini, inangoja irudi. Hata kama watu wanapiga kelele, wewe kaa tu."

Siku ya kuondoka alinipa fomu. Ilikuwa ya kozi ile ile yake, ile ile yako. Alikuwa ameandika jina langu kwa mkono wake, Muthengi, na kuacha mahali pa sahihi. Akasema mimi naijua kazi hii kuliko vijana wengi waliokaa naye darasani, nilichokosa ni miezi mitatu na karatasi. Nilimwambia nitafikiria. Akiwa bado hajafika barabarani niliikunja fomu mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza hii ninayoandikia, kwa sababu ilikuwa inayumba. Mchwa waliimaliza kabla ya mvua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa nasema ni kazi nyingi, ni mifugo, ni nani atabaki na pampu. Ukweli ni kwamba niliogopa kupimwa. Niliogopa kuketi kwenye benchi na vijana, niulizwe swali mbele yao, nishindwe. Hapa kijijini nilikuwa fundi. Huko ningekuwa mzee anayejaribu.

Basi kiangazi kile kikaja, nawe unakijua kwa kusimuliwa. Visima vya kaskazini vilikauka, mifugo ikaanza kushuka kutoka Tseikuru kuja kunywa hapa. Mzee Abdi, yule mfanyabiashara wa mifugo anayepeleka mbuzi soko la Mwingi, alikuwa akifika na mbuzi mpaka huoni ardhi. Punda walipanga foleni tangu alfajiri. Na pampu ikaanza kuzima. Inapiga maji muda kidogo, inazima. Inangoja, inawaka, inazima tena.

Siku ya kwanza nilikaa kama nilivyoambiwa. Siku ya pili mwanamke mmoja wa foleni, simtaji kwa sababu ni marehemu, aliuliza kwa sauti kama Muthengi anajua kazi au anajua kukalia kiti. Watu wakacheka. Mwaitu, kicheko kile kilinishinda. Niliingia humu, nikafunga mlango, nikafungua kisanduku cha swichi. Nilikata kipande cha waya mwekundu urefu wa kidole, nikaunganisha zile njia mbili za kile kifaa, ili pampu iamini kwamba maji yapo siku zote.

Ilikwenda mchana kutwa bila kuzima. Watu walinipongeza. Mzee Abdi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani nikiwa fundi kuliko nilivyowahi kuwa, na nakwambia nilikuwa na raha. Raha ya kweli. Ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka vizuri.

Siku ya tatu, adhuhuri, sauti ilibadilika. Pampu ilikuwa inavuta hewa. Niliijua sauti ile kwa sekunde moja, masikio yangu ni yale yale, lakini nje kulikuwa na watu, nikajiambia iende kidogo tu mpaka foleni ipungue. Kisha ikanyamaza kabisa na haikurudi.

Sikiliza nilichofanya kwanza. Sikutoka kuwaambia watu. Nilifungua kisanduku, nikautoa ule waya, nikautia mfukoni, nikafunga skrubu zote. Ndipo nikatoka.

Baraza liliitwa hapa hapa, chini ya tangi, ambalo msingi wake akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, waliujenga kwa mawe waliyobeba wenyewe migongoni. Ndanu aliitwa aje ajieleze. Alikuja kwa boda boda kama mara ya kwanza. Alipima nyaya, akasema mota imeungua kwa kukosa maji, na kwamba haiwezekani, kwa sababu kifaa kipo na kinafanya kazi. Akakitazama kisanduku kwa muda. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya. Akanigeukia, akauliza polepole, bila hasira, kama nilivyofundishwa na mama yangu kumuuliza mtu mzima.

"Mzee Muthengi, kuna mtu alifungua hapa?"

Watu wote walinitazama. Nilikuwa na waya mfukoni, kidole changu kikiugusa. Ningeweza kusema. Badala yake niliugeukia umati, nikainua mikono, nikasema kwa sauti ya mtu anayefurahisha harusi:

"Jamani, huyu amesoma miezi mitatu. Miezi mitatu, hata mbuzi hajazaa."

Walicheka, mwaitu. Wafugaji wote wale, watu wanaojua mbuzi hubeba mimba miezi mitano, walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Baada ya kicheko kile hakukuwa na haja ya ushahidi. Mtu mmoja tu hakucheka, Mzee Abdi, ambaye alikuwa amepoteza wanyama kwa kiu tangu pampu inyamaze. Alisema, "Mbuzi yangu haiulizi cheti ya mtu. Inauliza maji. Kama kuna mwenye alifungua hiyo sanduku, aseme." Akangoja. Nami nikangoja pamoja na wengine, kana kwamba mimi pia nilikuwa na hamu ya kumjua.

Ndanu alifunga vyombo vyake. Nilimsaidia kukaza kamba ya kisanduku kwenye boda boda, hebu fikiria, nilimsaidia. Aliniambia maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Ungeniambia mimi peke yangu. Ningewaambia watu ni joto."

Hakuitwa tena kufanya kazi upande huu wote. Nilisikia kwamba walimwondoa hata kwenye visima vingine, kwa kuwa habari ilitangulia, na ilitangulia pamoja na ule mzaha wangu, kwa sababu mzaha hausahauliki.

Mota nyingine ilikaa miezi mitano kufika. Mbuzi wa kweli angezaa. Miezi hiyo mama yako alikuwa anateremka mtoni kufukua mchanga apate maji, nawe ukawa unateremka naye na galoni yako ndogo ya manjano, muhula mzima bila shule. Unajua kilichokupata huko. Ukingo wa shimo ulibomoka, ukaanguka na uso juu ya jiwe, jino lako la mbele likavunjika nusu. Tumekuambia siku zote kwamba punda alikusukuma. Punda hakuwepo, alikuwa amekwisha kufa kwa kiu. Uliletwa nyumbani na damu kidevuni, nikakupangusa kwa shati langu, na wakati nakupangusa nikasubiri moyo wangu ufanye kitu. Haukufanya. Nafikiri ndiyo siku ganzi ilipofika juu kabisa.

Mama yako aliniuliza mara moja tu, miaka hiyo. Tulikuwa tunapura ndengu. Akasema, "Ni wewe?" Nikasema si mimi. Akaendelea kupura.

Baada ya hapo niliheshimika. Nilikuwa mtu aliyemfichua fundi bandia. Mota mpya ilipofungwa, aliyekuja safari hiyo alikuwa mzee mwenye kitambi na pikapu, na alifunga kifaa kile kile, akaniambia maneno yale yale aliyoniambia Ndanu. Tangu siku hiyo sijakigusa. Kikizima, nakaa. Watu wakipiga kelele, nakaa. Wanasema Muthengi amekuwa na subira.

Sitakwambia uwe mwaminifu, mhubiri atakuwa amelisema leo. Nakwambia tu nilichokuja kukielewa nikiwa nimeketi humu kiangazi baada ya kiangazi. Kile kifaa hakikuwa kinanidharau. Kilikuwa kinaniambia habari ambayo sikutaka kuisikia, na mimi nikakiziba mdomo. Kisha Ndanu akaniuliza swali, nikamziba naye. Kisha mama yako. Ukishaanza kuziba unazoea, na mwisho unajikuta umeziba hata vile ambavyo ungependa kuvisikia. Kama leo.

Ulipomaliza form four na matokeo hayakufika chuo kikuu, nilikushikilia urudie mwaka. Nilikusumbua miezi mingi. Nilisema nakutakia mema, kwamba binti yangu hatakuwa mtu wa kozi fupi. Ulilia pale jikoni. Wewe ukadhani nakuonea aibu. Nilikuwa naogopa mzaha wangu mwenyewe urudi nyumbani uketi nasi mezani. Na umerudi, mjomba wako ameuleta, nami nikautazama ukikupiga na bado nikanyamaza. Samahani kwa hilo. Naliombea msamaha kwanza kwa sababu ni la juzi na sina kisingizio cha miaka.

Sasa lililonifanya niandike. Barua yako ya kuitwa chuoni ilipofika, uliniomba nikaitolee kopi Mwingi. Nikiwa nangoja mashine niliisoma mpaka chini. Chini kuna sahihi ya mkufunzi wa kozi, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Ni yeye. Mtu wa pampu za sola, anaitwa Ndanu, na mwandiko ni ule ule ulioandika jina langu kwenye fomu. Hakuna wawili. Nilirudisha karatasi kwenye bahasha, nikanunua majani ya chai, nikarudi.

Atakapoita majina darasani ataita Mumbua Muthengi, na ataona umetoka wapi. Atajua wewe ni wa nani kabla hujajibu.

Nilikuwa na mpango. Waya ninao bado, nimeuhifadhi kwenye kopo la skrubu miaka yote. Nilitaka kuutia ndani ya bahasha hii umpelekee pamoja na salamu za samahani. Nikaanza hata kuifunga. Kisha nikaona ninachofanya: nakutuma tena mtoni na galoni. Nikafungua bahasha.

Kwa hiyo asubuhi hii nilikwenda kwa Mama Kasyoka, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa anapepeta ndengu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akasema, "Jumapili watu wakitoka kanisa, utasema mwenyewe. Hapo hapo ulisimama." Nikamtolea funguo za kibanda. Akasema nikae nazo mpaka Jumapili, kwa sababu ng'ombe hawawezi kungoja nitubu. Nilimwambia mama yako nikirudi. Alisema, "Najua." Akaniuliza kama nimekula.

Kesho asubuhi utanikuta mlangoni nimevaa koti. Nitapanda gari moja nawe mpaka Kitui. Sitaingia darasani na sitakuaibisha mbele ya wenzako, nitasimama langoni mpaka atoke, nimpe waya mkononi mwake, nimwambie ni mimi, kisha nirudi. Akinifukuza ni sawa. Akikufukuza wewe, hapana, hilo nitalipinga pale pale kwa sauti yote niliyo nayo, na najua bado ninayo. Lakini simwoni akifanya hivyo. Mtu aliyekuwa tayari kusema ni joto hawezi.

Kama ukisoma haya hutaki tuandamane, chukua sanduku lako upite, sitakuita. Nitapanda gari la nyuma yako. Kwenda nitakwenda.

Na mtu akikuuliza huko, au ukirudi hapa, kozi ilikuwa ya muda gani, mwambie miezi mitatu. Aliyeniambia niache pampu ipumzike alisoma miezi mitatu, na angesikilizwa ungekuwa na meno yako yote. Umekuwa ukiweka kiganja mdomoni kila unapocheka tangu ukiwa na miaka minane, na mimi nimekutazama ukifanya hivyo miaka kumi na moja. Kitoe hicho kiganja, mwaitu. Jino hilo nililivunja mimi, na aibu yake ni ya kwangu, wewe cheka.

Baba yako,
Muthengi